Nyuzi Kumi na Mbili

Mtu akiona uta umetundikwa ukutani, jicho lake huenda kwanza kwenye mti. Huutazama ulivyochongwa, ulivyopinda, na ulivyong'aa kwa mafuta na kwa kushikwa miaka mingi. Kisha hutazama mishale, vyuma vyake na manyoya yake. Upote, yaani ule uzi unaoziunganisha ncha mbili za uta, huutazama mwisho, na pengine hautazami kabisa. Walakini uta usio na upote ni fimbo tu, na uta wenye upote mbovu ni hatari kuliko fimbo. Kijana mmoja wa Ukambani alijifunza jambo hili kwa hasara, kisha akajifunza dawa yake kwa kazi ya mikono.

Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 13. Wakati wa likizo alikwenda kukaa kwa babu yake mzaa mama katika nchi ya Kitui, mahali penye mibuyu mikubwa na mizinga ya nyuki iliyotundikwa matawini. Wakamba tangu zamani wana sifa ya kulenga, na mzee yule katika ujana wake alikuwa mwindaji. Serikali ya Kenya ilipopiga uwindaji marufuku mwaka 1977, aliitii sheria, akazifungia ncha za chuma ndani ya kasha, wala hakuwinda tena. Lakini mata yake mawili hakuyatupa. Uta mmoja aliuchonga mwenyewe alipokuwa kijana. Wa pili ulichongwa na baba yake, naye aliurithi. Siku za jioni njema huutwaa ule wa kwanza, akafunga mganda wa majani makavu uwe shabaha, akawafundisha wajukuu wake kulenga kwa mishale ya mti mtupu.

Upote wa uta ule ulikuwa wa kano za ng'ombe, nao ulikuwa umekauka na kuanza kuchanika. Zamani mzee angaliloweka kano nyingine, akazichambua, akazisokota juu ya paja lake. Lakini sasa vidole vyake vilitetemeka, na macho yake yalikuwa na ukungu. Basi kijana akawaza moyoni, "Nitamfanyia Babu upote mpya, naye atafurahi." Wala hakumwuliza mtu.

Alikwenda sokoni akanunua kwa mshona viatu kibonge cha uzi wa poliesta, uzi mgumu wa kushonea soli. Akapigilia mambo mbili ardhini nyuma ya jiko, akauzungusha uzi mara 6 kutoka mambo hata mambo, zikawa nyuzi 12. Jua lilikuwa kali. Alipokumbuka, aliukaza uzi. Mkono ulipochoka, aliulegeza. Alipomaliza alifunga ncha, akafanya vitanzi viwili, akapaka nta ya nyuki nyingi mpaka nyuzi zote zikashikamana kama uzi mmoja. Kwa nje ulipendeza sana. Mtu angaliuona angalisema ni kazi ya fundi.

Akautia uta upote huo, akaanza kulenga peke yake. Mshale wa kwanza ulikwenda vizuri, na wa pili, na wa tatu. Alipouvuta wa saba hata shavuni, akauachia, alisikia mshindo kama wa tawi kavu likivunjika. Upote ulikuwa umekatika. Ncha yake ilimchapa mkononi ikaacha alama nyekundu, na ule mti, uliokuwa haujapata kuumia tangu kuchongwa kwake, ulikuwa umepasuka kwa urefu kutoka mahali pa kushikia hata karibu na ncha ya juu. Maana uta ukivutwa huweka nguvu ndani yake, na nguvu hiyo ukiachiwa huondoka pamoja na mshale. Upote ukikatika katikati ya safari, nguvu haina pa kwenda, nayo huurudia mti. Ndiyo sababu wapiga mishale huonywa wasivute uta na kuuachia bila mshale.

Kijana alikaa nyuma ya jiko hata jua likachwa. Aliwaza kuutundika uta mahali pake, upande wenye ufa uelekee ukuta. "Babu haoni vizuri," alijiambia, "na labda hautatwaliwa mpaka mimi nimerudi shuleni." Lakini kila alipoinuka kwenda kuutundika, miguu ilikuwa mizito. Usiku, baada ya chakula, aliuchukua akaenda nao mbele ya mzee, akapiga magoti.

"Babu, nimeuvunja uta wako. Nilitaka kukufanyia upote mpya, nao umekatika."

Mzee hakujibu. Aliupokea uta, akaupitisha vidoleni polepole kutoka ncha ya chini kwenda juu, mpaka vidole vilipofika kwenye ufa. Hapo vikakaa.

"Umeumia?" akauliza.

"Nimechapwa mkononi tu, Babu."

"Uta huu ni mkubwa kuliko mama yako," akasema mzee. "Nilimpa mama yako nyama kwa uta huu alipokuwa hajaota meno." Kisha akanyamaza tena, na kijana aliona ni afadhali angalipigwa. Mwisho mzee akasema, "Umebaki ule wa baba yangu. Nao hautatiwa uzi wa mtu yeyote mpaka nijue kwa nini huu ulikatika. Kesho asubuhi mpelekee mjomba wako upote huo. Usitupe hata kipande."

Mjomba wake alikuwa fundi seremala na mwalimu wa useremala, mwenye karakana ndogo karibu na soko. Alisikiliza habari yote huku akipiga randa, wala hakucheka. Kisha akautandaza ule upote mezani, akaufuta nta kwa kitambaa na maji ya moto, nyuzi zikaachana. Akafunga mwisho mmoja katika jiliwa, akavuta mwisho wa pili kwa mkono.

"Tazama, mpwa wangu. Hesabu zilizokaza."

Kijana akainama, akahesabu. Palipokuwa hapajakatika, nyuzi 3 zilikuwa zimenyooka kama waya. Nyingine 9 zilining'inia, hii kidogo, hii zaidi.

"Ulitia nyuzi 12," mjomba akasema, "lakini uta uliona 3. Hizo 9 zilikuwa wageni waliokaa kivulini wakingoja wenzao wachoke."

Akamwambia alete ndoo na kopo la lita 1, maana lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1, na kwa njia hiyo mtu asiye na mizani aweza kupima. Ndoo yenyewe ilikuwa na uzito wa kilo 1. Wakaitundika darini kwa uzi mmoja wa poliesta, wakatia maji kopo baada ya kopo. Uzi ulivumilia makopo 14. La 15 lilipomiminwa ukakatika, na maji yakamwagika juu ya takataka za mbao. Basi wakajua kwamba uzi mmoja huchukua kilo 15 na hauzidi.

Ndipo mjomba akafunga nyuzi mbili zenye urefu sawasawa, akatundika ndoo yenye lita 20, jumla kilo 21. Nyuzi zikalia kidogo, zikakaa. Kisha akafunga nyuzi nyingine mbili za aina ile ile, lakini moja akaiacha ndefu kupita mwenzake kwa upana wa kidole. Akaiachia ndoo ile ile. Uzi mfupi ukakatika mara moja, kwa kuwa ulibeba kilo 21 peke yake. Na ule mrefu, uliopokea mzigo wote kwa ghafula, ukafuata kabla mtu hajafumba jicho.

Kijana akasimama akitazama maji yakienda chini ya meza. Uzi ulikuwa ule ule, na hesabu ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa upana wa kidole tu.

"Sasa tupige hesabu ya uta wa babu," mjomba akasema. Walirudi kwa mzee, wakaomba ruhusa kuupima uta wa pili kwa kamba ya muda. Wakauning'iniza kwa mahali pa kushikia, wakatundika ndoo kwenye kamba, wakaongeza maji taratibu mpaka kamba ikashuka kadiri ya mshale unavyovutwa. Ikawa kilo 18. Lakini mafundi wa uta hawatengenezi upote wa kuchukua kilo 18 tu, maana mshale unapoondoka upote hukazwa kwa kishindo kikubwa kuliko mvuto wa mkono. Kanuni yao ni kwamba upote uwe na nguvu mara 4 ya mvuto, au zaidi. Mara 4 ya 18 ni kilo 72. Nyuzi 12 zikivuta pamoja zachukua kilo 180, nazo zatosha kabisa. Nyuzi 3 zachukua kilo 45, nazo hazitoshi. Hesabu hii kijana aliandika kwa chaki juu ya ubao wa karakana, naye hakuifuta siku zote za likizo.

Mjomba alikuwa mtu wa kusoma, na wakati wa kunoa patasi alimsimulia mengine. Huko Uingereza, mwaka 1545, mwalimu mmoja jina lake Roger Ascham alitoa kitabu kiitwacho Toxophilus, kitabu cha ufundi wa uta. Na ndani yake alionya kwamba upote, ijapokuwa ni kitu kidogo, si wa kudharauliwa, maana ukikatika uta wenyewe huwa hatarini. Mwaka huo huo manowari ya Waingereza iitwayo Mary Rose ilizama karibu na Portsmouth. Manowari hiyo iliinuliwa kutoka baharini mwaka 1982, na wapiga mbizi walipata ndani yake mata zaidi ya 130 ambayo mti wake ulikuwa umedumu chini ya maji miaka zaidi ya 400. Waingereza wale walitumia kitani na katani. Na kando ya Ziwa Eyasi katika Tanzania, Wahadza hata leo hufanya upote wao kwa kano za wanyama. "Kila taifa lina uzi wake," mjomba akasema, "lakini swali ni moja kwa wote: nyuzi nyingi zitavutaje kama mmoja? Babu yako alijibu kwa vidole vyake, kwa kuwa alisokota tangu utoto. Wewe huna vidole hivyo. Basi tutafanya kiunzi kitakachokuwa vidole vyako."

Kiunzi hicho cha kutandia nyuzi si kitu cha ajabu. Ni ndugu ya kitanda cha mfumi, ambacho nyuzi hutandwa juu yake kabla ya kufuma nguo. Walitwaa ubao mgumu wa urefu wa mita 2, upana wa sentimeta 10 na unene wa sentimeta 5, wakaupiga randa mpaka ukanyooka. Juu yake wakaweka vipande viwili vifupi vya mti, wakaviita mikono. Kila mkono ulishikwa katikati kwa bolti moja, upate kuzungushwa kama mkono wa saa, na nati ya kukaza ili usizunguke usipotakiwa. Mkono mmoja ulikaa mahali pamoja karibu na mwisho wa ubao. Wa pili uliwekwa katika mfuo mrefu uliochimbwa kwa patasi katikati ya ubao, upate kusogezwa mbele na nyuma kwa kadiri ya urefu wa uta. Na juu ya kila mkono walisimamisha vigingi viwili, nafasi ya sentimeta 15 kutoka kigingi hata kigingi.

Uta wa baba yake babu ulikuwa wa sentimeta 148, nao ulitaka upote wa sentimeta 140. Basi waliigeuza mikono yote miwili ilale kwa urefu wa ubao, vigingi vinne vikawa katika mstari mmoja, wakasogeza mkono wa pili mpaka kutoka kigingi cha nje cha huku hata kigingi cha nje cha huko zikawa sentimeta 140 kamili. Uzi ukizunguka mara moja huenda 140 na kurudi 140, jumla 280. Mizunguko 6 ni sentimeta 1,680, yaani karibu mita 17 za uzi.

Hapa mjomba alimwuliza swali. "Tukiigeuza mikono hii sasa, ikae kama misalaba juu ya ubao, uzi utakaza au utalegea?"

Kijana alidhani utalegea. Mjomba akampa futi. Kutoka bolti hata bolti zilikuwa sentimeta 125. Mikono ikiwa kama misalaba, uzi hupita 125 upande mmoja, kisha 15 kati ya vigingi viwili, kisha 125, kisha 15. Kijana akajumlisha: 280. Akajumlisha tena, ikawa 280. Mikono ikigeuzwa yote miwili kwa upande mmoja, njia ya uzi haiongezeki wala haipungui, nyuzi hukaa zilivyokuwa. Kijana alicheka kwa furaha, maana aliona ya kuwa hesabu ya darasani ilikuwa imejificha ndani ya kipande cha mti.

Jioni ya siku ya tatu kiunzi kilikwisha, na mjomba akaenda mazikoni kijiji cha pili. Alimwacha kijana atande nyuzi peke yake. Ili mkono usichoke na kulegeza, walikuwa wamekitia kibonge cha uzi katika msumari mrefu, wakakibana kwa vipande viwili vya ngozi. Hivyo uzi ulitoka kwa kuvutwa, na ngozi iliuzuia kwa nguvu ile ile kila mara. Kijana alizungusha mara ya kwanza, ya pili, hata ya sita. Alifunga ncha mbili za uzi kati ya vigingi viwili vya mwisho mmoja, mahali ambapo fundo litafunikwa baadaye.

Kisha akafanya kama mjomba alivyomfundisha: alizigusa nyuzi moja moja kwa ukucha, kama mtu apigaye zeze, akasikiliza. Nyuzi za mwisho zililia juu. Zile za kwanza zililia chini, na mbili hazikulia kabisa.

Hakuelewa. Ngozi ilikuwa imebana sawasawa, wala hakuwa amechoka. Akapiga magoti, akafumba jicho moja, akatazama kiunzi kwa ubavu. Ndipo akaona: vigingi vilivyokuwa vya mti mwembamba, vilivyosimama wima asubuhi, sasa vilikuwa vimeinama kuelekeana. Kila mzunguko mpya ulivivuta ndani kidogo, na kwa kadiri vilivyovutwa ndani, ile mizunguko ya kwanza ililegea.

Taa ilikuwa inakaribia kuzima. Kijana alikuwa amebakiwa na siku mbili tu kabla ya kurudi shuleni. Nta ilikuwa hapo mezani. Alijua kabisa ya kuwa akizipaka nyuzi nta na kuzisokota, hakuna jicho la mtu litakaloona, hata jicho la mjomba. Na makosa haya yalikuwa madogo kuliko yale ya kwanza. Huenda upote ungedumu. Alikaa kitambo akiwa ameshika bonge la nta mkononi. Kisha akakumbuka vidole vya mzee vilivyokaa juu ya ufa. Akaiweka nta chini, akatwaa kisu, akazikata nyuzi zote 12.

Asubuhi mjomba alikuta kiunzi kitupu, na lundo la nyuzi zilizokatwa sakafuni.

"Nani amezikata?"

"Mimi, Mjomba. Vigingi vimeinama. Nyuzi za kwanza zimelegea."

Mjomba akatazama vigingi, akashika kidevu. "Kosa hilo ni langu," akasema. "Nilichagua mti mwembamba kwa kuwa ulikuwa karibu." Wakaving'oa vyote vinne, wakatoboa matundu kwa keekee, wakasimamisha bolti za chuma nene kama kidole, kila moja imekazwa kwa nati chini na juu ya mkono. Mjomba akavuta kwa nguvu zake zote, nazo hazikutikisika.

Kijana alitanda tena. Safari hii nyuzi zote 12 zililia kwa sauti karibu moja. Wakaigeuza mikono ikawa kama misalaba, na kati ya vigingi viwili vya kila mkono wakaziviringishia nyuzi uzi mwembamba, duru kando ya duru bila nafasi, kwa urefu wa sentimeta 10, kuzikinga zisisuguliwe na ncha za uta. Wakairudisha mikono kwa urefu wa ubao. Sehemu zile zilizoviringishiwa zikazunguka vigingi vya nje na kuwa vitanzi. Na chini ya kila kitanzi wakazifunga pamoja nyuzi za pande mbili kwa uzi ule mwembamba, sentimeta 8. Ndipo wakautoa upote katika kiunzi, wakausokota mizunguko 15 ili nyuzi zikae pamoja, wakaupaka nta, safari hii nta kidogo tu, wakaisugua kwa kipande cha ngozi mpaka ikapata moto na kuingia ndani. Mwisho waliuviringishia uzi katikati, mahali ambapo mshale hukaa na vidole huvuta, maana hapo ndipo upote huchakaa upesi.

Jioni wakaenda kwa mzee. Kijana alimpa upote kwa mikono miwili. Mzee aliupitisha vidoleni kutoka kitanzi hata kitanzi, polepole, kama alivyoupitisha ule uta uliopasuka. Kisha akaomba kuonyeshwa kiunzi. Alivishika vigingi, akaizungusha mikono, akasikiliza maelezo yote.

"Zamani," akasema, "nilifunga kano kwenye kidole kikubwa cha mguu, nikavuta kwa meno na kwa mkono. Hiki mmekitengeneza kwa chuma. Upote wa kwanza uliotandwa hapa u wapi?"

Mjomba akanyamaza, akamwachia kijana ajibu.

"Niliukata, Babu. Ulilegea."

"Ulionekana umelegea?"

"Hapana, Babu. Ulisikika tu."

Mzee akatikisa kichwa. Kisha, bila neno, alinyoosha mkono ukutani, akautungua uta wa baba yake.

Wakautia upote. Mzee hakuruhusu mtu kuuvuta hata mwisho mara moja. Aliwaagiza wauache usiku kucha, upote ujinyooshe. Na asubuhi, walipoona umekuwa mrefu kidogo, waliutoa wakausokota mizunguko 4 zaidi. Kisha uta ukavutwa robo, ukarudishwa polepole bila kuachiwa. Ukavutwa nusu, ukarudishwa. Mara nyingi hivyo. Ndipo mzee akampa kijana mshale, akawaamuru watoto wote wasimame nyuma yake.

Kijana aliuvuta hata shavuni. Moyo ulimpiga, maana mkono wake ulikumbuka ule mshindo. Akaachia. Upote ulilia sauti fupi, safi, na mshale ukapita juu ya shabaha, ukaenda kuangukia shamba la kunde. Watoto wakacheka, na mzee akacheka kuliko wote.

"Upote umelenga," akasema. "Sasa ni wewe uliyebaki."

Siku ile kijana alipiga mishale 30, na michache ilipiga shabaha. Upote haukubadilika. Kiunzi kilibaki katika karakana, na watoto wa jirani wenye mata walianza kuja, mmoja baada ya mmoja, kila mtu na urefu wa uta wake ulioandikwa kwenye kipande cha karatasi.

Nao uta uliopasuka mzee hakuutupa motoni. Aliutundika katika karakana juu ya kiunzi, na kwenye ncha yake akafunga ule upote wa kwanza, nyuzi 3 zilizokaza na 9 zilizolegea. Mtoto akija kujifunza, mjomba hamwambii neno la kwanza. Humwinua hata aufikie upote ule, amwache azivute nyuzi zile moja moja kwa kidole chake mwenyewe.